Kesho Wataniita Koko ya Fundi

Feza, mutoto wa mutoto wangu,

Kama unasoma hii kwa mama mudogo wako Asha, kule Kasongo, basi vizuri. Kama unaisoma kwenye daraja la miti, pale dereva wa pikipiki anashusha watu wavuke kwa miguu, basi ninajua kwa nini umefungua mufuko nilimoficha barua hii. Unatafuta kitambaa cha kufuta machozi, na unatafuta sababu ya kurudi. Kitambaa iko chini ya kitenge cha bluu. Sababu nimeitoa.

Mimi koko yako, mama wa mama yako, ninasema, Mama Zaina anaandika. Jirani yetu huyu ulimufundisha herufi hapa barazani, kila Jumamosi akitoka shamba, na leo anatoa ulimi nje kama mutoto wa kalasi ya kwanza, lakini anaandika. Nimemwambia aandike kila neno, hata matusi. Amejibu: "Matusi sitaandika, koko, mimi Mwislamu." Nimemwambia na mimi ni Mukristo, sitatukana sana.

Sasa ni muchana. Wewe umekwenda masomoni, kule shule unakofundisha, kurudisha ufunguo wa kabati na kisanduku cha chaki, kwa maana kesho unaondoka. Una miaka thelathini na moja, sitakufundisha kuchemsha maji wala kufunga mulango. Kuna mengine ambayo mudomo wangu unashindwa kuyasema ukiwa mbele yangu, kwa maana ukiniangalia na macho yale ya mama yako ninaanza kuzungumza habari za mihogo. Kwa hiyo nimengoja utoke.

Nianze na Jumapili. Walikuja watu wanne, direkta wako, mukubwa wa masomo, mbele, na wazazi watatu wa komite wakibeba jogoo. Direkta akakaa, akapangusa magoti, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Koko ya mwalimu, tumekuja kukuomba umuzuie asiondoke. Jina la Feza iko njiani. Mwaka huu litatoka Kinshasa, serikali itaanza kumulipa."

Nikamuuliza: "Direkta, hilo jina linakuja kwa miguu?"

"Koko, mambo ya serikali yanaenda polepole."

"Miaka tisa! Hata konokono angekuwa amefika, amezaa, amezika baba yake, na ameanza kurudi."

Wale wazazi wakacheka, halafu wakakumbuka walikuja kwa huzuni, wakavaa tena nyuso za kilio. Mujomba wako Kalume, aliyekuwa ametoka Lusangi juzi na tope za shimo bado kwenye masikio, akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akasema: "Mimi ndiye mukubwa hapa. Mwanamuke mwenye diplome atalala chini ya pikipiki, miguu nje, watu wakipita wanaangalia? Ni haya kwa familia."

Nilimwambia: "Na weye unalala wapi kule Lusangi? Ndani ya shimo, kichwa chini, unatafuta dhahabu ambayo sijaiona hata kwenye jino lako. Nani alikuja hapa kulia haya?"

Ulicheka, nilikuona. Ukaficha kinywa na kitenge. Jogoo tulimupika, ukala paja, na usiwaze juu ya hilo: kumula jogoo si kuahidi. Lakini walipoondoka ulikaa ukichokonoa majivu na kijiti, ukasema pole pole: "Koko, labda ningoje mwaka mumoja tena. Mumoja tu."

Feza, maneno hayo yalinichoma, kwa maana ni mimi niliyekufundisha kuyasema.

Sikiliza sasa. Miaka mitatu iliyopita, kiangazi kile ulichokwenda Kasongo kwa semina ya walimu, ulikuta mutu wa baiskeli amekwama sokoni na shene, ule munyororo wa baiskeli, imekatika, magunia yake chini. Ulikunja mikono ya buluzi yako nyeupe ukamurekebishia, kama baba yako alivyokufundisha, yeye aliyesukuma mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka hapa mpaka Kasongo maisha yake yote. Ulinisimulia hivyo tu, ukaenda kulala. Hukujua kwamba Salumu, yule fundi wa pikipiki mwenye garaji nyuma ya soko, alikuwa amesimama pale anaangalia. Aliuliza wewe ni nani. Alimufuata mama mudogo wako Asha nyumbani. Alisema: "Huyu mwalimu mikono yake iko na akili. Nimechoka kufundisha watu wanaopiga nyundo kila kitu. Akitaka kujifunza, aje."

Asha alituma habari hiyo kwa mutu mwingine wa baiskeli. Alifika hapa asubuhi, wewe uko masomoni. Nilimupa maji, nilimupa na muhogo wa kuchoma. Halafu nilimwambia: "Mujibu Asha. Feza amesema hapana. Anapenda kazi yake."

Niliongea kwa kinywa chako. Wewe hata hukujua kuna swali.

Mama Zaina ameacha kuandika. Ananiangalia. Nimemwambia: andika, mama, hiyo ndiyo barua yenyewe, mengine yote ni chumvi.

Unataka kujua kwa nini. Sitajipaka mafuta. Mimi sikuingia kalasi hata siku moja. Nilikuwa ninapita mbele ya masomo ya mapadri na kuni kichwani, ninasikia watoto wanaimba a, e, i, o, u, na mimi ninaziimba njiani bila kujua zinafanana na nini. Watu wa bwiro, ile ofisi ya serikali, wakija na karatasi, wananishika kidole kama mutu anayeshika kuku, wanakibandika kwenye wino, na hawaniambii nimekubali nini. Halafu wewe ukapata diplome. Ukapewa kalasi ya tano. Kwenye kisima wanawake wakaanza kusema: "Mupisheni koko ya mwalimu ateke kwanza." Kanisani wakanitoa benchi ya nyuma wakaniweka ya pili. Feza, nilikunywa lile jina kama pombe. Nilikuona unarudi jioni bila kitu, nilikuona unafundisha na viatu vilivyoshonwa na waya. Toka waseme masomo ya watoto wadogo ni bure, wazazi waliacha kutoa pesa za walimu, na haki yao, na serikali nayo haikukujua. Nilikuona. Na bado nilitaka kuteka maji wa kwanza.

Miaka mitatu nimeila mimi. Salumu hakuchukua mutu mwingine wa kudumu. Aliyemupata alikimbia na funguo zake. Mwezi uliopita Asha alipokuja kwa kilio cha shangazi yake, aliniuliza jikoni: "Mama, kwa nini Feza alikataa?" Nikasema: "Muulize tena, mbele yangu." Ndiyo maana ulisikia habari ile kama mupya. Ukanikumbatia ukisema nina moyo mukubwa. Sikuwa na moyo mukubwa, nilikuwa na deni la uongo, na leo ninalitapika.

Kasirika. Una ruhusa. Kasirika ukiwa njiani, ukienda mbele. Usirudi hapa kunikasirikia.

Na usidhani uliacha kwanza katika nyumba hii. Mimi pia niliacha kazi, na niliiacha vibaya.

Unajua mama yangu alikuwa mufinyanzi, na mama yake. Ulipozaliwa mimi nilikuwa nimeshaacha, kwa hiyo hukuona mikono yangu ikiwa mikono. Tulikuwa tunachimba udongo kule bondeni, kijito kinapokata kona, na udongo ule peke yake ni kiburi kitupu: ukiuweka kwenye moto unapasuka. Lazima utwange vigae, vipande vya vyungu vya zamani vilivyovunjika, utwange kwenye kinu mpaka viwe kama unga wa mahindi uliosagwa vibaya, uchanganye na udongo mupya. Kile kilichopita motoni kinashika kile ambacho hakijaona moto. Kwa hiyo kwetu hakuna aliyetupa kigae. Chungu kikivunjika kwa jirani, anakuletea vipande na mikono miwili, na wewe unapokea na mikono miwili. Mutu akikosana na wewe hata miaka kumi, vigae atakuletea.

Halafu sufuria zikaja. Za aluminiamu, nyepesi, zinang'aa kama macho ya mulevi. Wafinyanzi wenzangu wakaacha mumoja mumoja. Mumoja akauza samaki wa chumvi, mwingine akalima karanga. Mimi nikasema: hawa ni waoga. Nikasema chakula cha chungu kina ladha. Na ni kweli, Feza, mpaka leo ninasema sombe, yale majani ya muhogo, ikipikwa kwa sufuria ina ladha ya sufuria. Lakini hakuna mutu aliyekuwa ananunua ladha.

Nilimubebesha mama yako vyungu mpaka Kasongo, siku nyingi za kutembea, yeye musichana wa miaka kumi na tano. Tulikaa sokoni siku mbili. Mwanamuke mumoja alitaka kunipa bei ndogo, nikamwambia aende akapikie kwenye kofia ya bwana yake. Tukavirudisha vyote. Vyote! Vichwani! Njiani mama yako akajikwaa kwenye muzizi, musigo wake ukaanguka, vyungu vitano vikawa vipande. Akakaa chini katikati ya vile vipande, akaniangalia, akaanza kucheka. Akasema: "Mama, sasa musigo ni mwepesi, tutafika mapema."

Nikamupiga kofi.

Alikuwa na haki ya kucheka. Ndiye peke yake kwenye barabara ile aliyekuwa na akili. Hakulia, alinyanyuka tu, akaokota vigae vyote, akavifunga kwenye kitenge chake, kwa maana nilimulea hivyo, kigae hakitupwi. Sikumuomba musamaha siku ile, wala mwaka ule. Na wewe ukiwa kalasi ya tatu akafa na homa, na lile kofi bado liko kwenye mukono wangu, huu wa kuume. Kwa hiyo juzi ulipoangusha sahani ukacheka, na mimi nikakaa kimya, nilikuwa sijakasirika, Feza. Nilikuwa ninamusikia yeye.

Tulipofika nyumbani siku ile, hasira ilikuwa bado imenikaba. Nikasema: kama hawataki kazi yangu, hawatapata hata vumbi lake. Nikavunja vyungu vyote vilivyobaki. Nikachukua vigae vyangu, na vile mama yako alivyobeba, na gunia la vigae vya mama yangu ambavyo vilikuwa vimengoja nyuma ya nyumba toka kabla sijazaa, nikavimwaga kwenye shimo la choo. Vyote. Watu wakasikia sauti yake, wakafikiri nyumba imeanguka. Kwetu hakuna mufinyanzi aliyewahi kufanya vile.

Nilijisikia mukubwa muda wa siku tatu.

Baadaye njaa ikanifundisha kupika sabuni, ile ya mawese na majivu unayoijua, iliyokununulia daftari. Wenzangu walinicheka: "Mufinyanzi amekuwa mufua nguo!" Nikawaambia wanuse kwapa zao kwanza, halafu tuzungumze. Kwa kupika nyingi nilitaka jiko kubwa la udongo, lenye kinywa kimoja cha kuni na mahali pa pipa. Nani angejua kujenga jiko kuliko mimi? Nikalijenga siku moja, zuri, na mabega kama mwanamuke mwenye afya. Nikawasha. Mafuta yalipoanza kuchemka, jiko likapasuka kuanzia kifuani, pipa likalala, na mafuta yote niliyokopa yakanywewa na uwanja. Kuku walitembea wanang'aa juma nzima.

Udongo mutupu, Feza. Sikuwa na kigae hata kimoja cha kutwanga.

Basi nilifunga kitenge nikapita nyumba kwa nyumba, kwa wale wanawake wote niliowaita waoga, kuomba vipande vya vyungu vyangu mimi mwenyewe. Nilifikiri watanifukuza. Yule wa samaki wa chumvi alitoa kipande kilichokuwa kinanyweshea kuku, akakifuta, akasema: "Hiki ulinifinyangia siku nilipoolewa. Kilipika miaka kumi na mbili. Chukua, muzimu weye." Mama mukwe wa Mama Zaina alinipa shingo ya mutungi. Nilirudi na kikapu kimejaa, nikatwanga mpaka mikono ikavimba. Jiko lile ndilo liko nyuma ya nyumba mpaka leo. Umeota moto wake maisha yako yote. Limejengwa na kazi niliyoiacha.

Sasa ndiyo unajua kwa nini nilikunyang'anya kiberiti.

Juzi, umesimama nyuma ya nyumba na daftari zako zote za matayarisho, miaka tisa ya mafundisho, kila somo na tarehe yake, na mistari yako myekundu iliyonyooka. Ulisema: "Koko, nikiondoka ninataka niondoke kweli." Sikuwa na maneno, nilikuwa na mukono tu, nikakupiga kwenye kiganja, kiberiti kikaanguka. Ulinishangaa. Sasa unajua. Nilikuona umesimama pembeni ya shimo la choo na gunia la vigae.

Ondoka kweli, mimi sitaki ubaki. Lakini usichome. Mutu anayejua kuelezea watoto hamusini wenye njaa namna ya kugawanya, na wakaelewa, atajua kuelezea dereva mubishi kwa nini pikipiki yake inakunywa mafuta. Asha anasema Salumu ana mikono lakini hana maneno. Anafoka, wanafunzi wake wanakimbia. Wewe utaandika kila chuma na jina lake, kila ugonjwa na dawa yake, na mistari myekundu, ninakujua. Daftari moja nimeitia kwenye mufuko, ile yenye kurasa nyeupe nyingi. Zingine ziko juu ya kabati langu, na Mama Zaina amekwisha kuniomba moja, ya kalasi ya pili, anataka kufundisha wenzake wawili kila Jumamosi. Ameandika sentensi hii mbio kuliko zote.

Huko watakucheka, sitakudanganya. Watakuja madereva watasema: "Yuko wapi fundi mwanaume?" Wengine watakaa kuangalia kama utashika buji, ile plagi ya injini, na vidole viwili. Wewe ulikaa mbele ya inspekta aliyekuuliza kwa nini kalasi haina milango, ukamwambia kwa sababu milango iko kwenye nyumba yake. Mutu wa namna hiyo ataogopa dereva wa pikipiki? Wakikuita mwalimu kwa kejeli, itika. Wakikuita fundi, itika. Wakikuita jina lingine, wapandishie bei.

Na usipopenda kazi ile? Acha tena! Ukifika mwaka ukaona mikono yako imechukia gresi, toka, tafuta nyingine, lakini sema wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kwa sababu yako. Usingoje jina linalokuja kwa miguu. Na usimwachie mutu ajibu mahali pako, hata kama mutu huyo anakupikia na anakupenda kunishinda mimi. Hasa huyo.

Unafikiria wale watoto wa kalasi ya tano, ninajua. Unafikiri umewatupa. Kama mwalimu anakufa njaa mbele yao, Feza, hilo pia ni somo, na wanalishika vizuri kuliko kugawanya. Acha waone lingine.

Kesho, pikipiki yako ikipita kona ya kanisa, mimi sitabaki mulangoni kupunga mukono kama mugonjwa. Nitachukua ndoo. Nitakwenda kisimani, na watasema kama kawaida: "Mupisheni koko ya mwalimu." Nitawaambia mbele ya wote nilichokifanya miaka mitatu iliyopita. Wacha midomo yao ipate kazi. Halafu nitasimama nyuma ya mustari, nikiteka wa mwisho, na kama kuna anayetaka kuniita, ataniita koko ya fundi ao akae na kiu yake. Kisha nitapita kwa direkta, kumwambia jina lako likifika kutoka Kinshasa alipe kiti likae, limechoka.

Mama Zaina anasema ukurasa umekwisha na kalamu yake imeanza kukohoa. Amenifungulia wino wa kidole, kile kikopo cha watu wa bwiro alichookota siku ya kuandikisha watu, kimekauka kama jiwe. Kwa hiyo nimekwenda kwenye baiskeli ya baba yako, pale ukutani, nikachovya kidole gumba kwenye gresi uliyoipaka juzi. Ni mara ya kwanza ninabandika kidole kwenye karatasi ambayo ninajua kila neno lake.

Hiyo nyeusi hapo chini, usifikiri ni uchafu, usiifute. Ni mimi.